Mbao Mbichi za Beni

Sakafu ya zamani ilikufa mbele ya mashahidi, siku shirika letu la parokia lilipokuja kusali rozari nyumbani kwetu. Rais wa shirika, mama mnene mwenye sauti ya kengele, alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na dirisha. Tulipofika fumbo la tatu, mguu mmoja wa nyuma wa kiti ukazama kwenye ubao. Hakunyamaza. Katika fumbo la nne mguu wa pili ukamfuata mwenzake, naye akaendelea kusali huku akilala chali polepole, macho darini, mpaka viatu vyake vikawa hewani. Akaimaliza Salamu Maria yake, akasema amina, ndipo akatoa taarifa: "Sasa munikamate, niko naenda." Tulimkamata sote, na rozari ikamalizikia uani.

Mama yangu mzazi alikuwa ameketi kwenye mkeka pembeni. Alilitazama lile tundu, akatazama mlango ambako mume wangu alikuwa amesimama, kisha akanigeukia mimi.

"Umwambie bwana yako," akasema kwa sauti ambayo bwana yangu aliisikia vizuri kabisa, "nyumba yake iko naanza kula batu."

Hapo lazima nieleze. Katika ukoo wetu mama mkwe na mkwe hawazungumzi ana kwa ana. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, na mama mkwe hakai kihasara mbele ya mume wa binti yake. Ni heshima. Mume wangu alizaliwa Kisangani, ambako mama mkwe wanamwita bokilo na kumkumbatia. Siku ya kwanza kabisa alipopelekwa kwetu Luofu alimwendea mama akiwa amefungua mikono miwili, na mama akakimbilia nyuma ya mlango wa jiko, akakaa huko mpaka wageni walipoondoka. Tangu siku hiyo wawili hao wanaongea kupitia kwangu. Nimekuwa mkalimani wa watu wawili wanaojua lugha moja.

Na kama mama mkwe hatakiwi hata kumtazama mkwe, kulala chini ya paa lake ni jambo zito zaidi. Kwetu mama anazeekea kwa mwanawe wa kiume. Lakini kaka zangu wako mbali, mmoja Kampala, mwingine Bunia, na vita ilipofika upande wa Kanyabayonga, watu wa Luofu walibeba kilichobebeka na kushika barabara. Mama alifika kwetu Butembo akiwa na kikapu, rozari, na furushi la kitenge cha buluu chenye maua ya njano, lililofungwa kwa fundo kubwa. Ndani yalikuwa maharage ya mbegu kutoka shambani mwake.

"Nitakaa mpaka njia ifunguke," alisema. Akalitundika furushi kwenye msumari juu ya kitanda na hakulifungua. Kitenge kile mimi mwenyewe nilimpa, kutoka dukani kwangu, maana nauza vitenge katikati ya mji. Kila nilipoingia chumbani mwake nililitazama furushi lile kwanza kabla ya kumtazama yeye. Kila kitu cha nyumba yetu alikiita chenu: kitanda chenu, maji yenu, baridi yenu. Aliishi kama mtu anayesubiri gari.

Mimi nilitaka abaki. Nasema wazi, sina sababu ya kuzunguka. Luofu kuna kaburi la baba na kuna shamba, najua, lakini mama ana miaka mingi na barabara ile haina huruma. Nilitaka akae mahali nitakapomsikia akikohoa asubuhi. Kumwambia hivyo usoni sikuweza. Angenijibu kwamba nyumba ya mkwe si nyumba. Kwa hiyo sakafu ilipokufa nilijiambia: hii ndiyo nafasi. Mtu aliyechagua sakafu ataikanyaga kama yake. Nikaamua kwamba mama ndiye atakayechagua.

Nyumba yenyewe ilijengwa zamani na mzungu wa kahawa, juu ya kilima, kati ya mikaratusi. Imesimama juu ya nguzo fupi za mawe, na chini yake kuna nafasi ya giza ambayo mtu anaweza kuingia kwa kutambaa, kupitia mlango mdogo nyuma ya jiko. Kwenye msingi kuna matundu ya hewa, kila tundu na vyuma vyake. Sebuleni kuna mahali pa moto, na hapo ndipo mume wangu alipoanguka katika mapenzi, kwa sababu Butembo kuna baridi ambayo mtu wa Kisangani haisamehe. Baada ya mzungu nyumba ilipita mikononi mwa watu wengi, na miongoni mwao kuna aliyefuga kuku ndani. Mbao za chini zililiwa na maji, kuku na mchwa, kwa zamu.

Ushauri haukukosekana. Mtu wa Butembo akifanikiwa hujenga, na akijenga huweka karo, yaani vigae. Karo chini, karo ukutani, karo mpaka kwenye nguzo za veranda, ili anayepita barabarani aumie moyo kidogo. Wenzangu wote wa dukani walisema karo, na nilikuwa upande wao. Napenda kitu unachopangusa mara moja na kuondoka. Mume wangu alikuwa wa upande wa mbao. Alisema nyumba ya mzungu ikiwekwa karo itakuwa kama mzee aliyevaa viatu vya mpira.

Nikampeleka mama kwenye duka la karo. Akavua sandali, akasimama peku juu ya karo nyeupe inayong'aa, mikono nyuma. Mwenye duka akafurahi, akadhani biashara imekwisha. Mama akasimama pale muda mrefu, akifikiri na nyayo zake.

"Iko sawa morgue," akasema. "Batanilalisha pale nikisha kufa. Mbele ya kufa, hapana."

Karo ikafa hapo hapo. Sikubishana, ingawa roho iliniuma.

Ijumaa iliyofuata mume wangu akaleta ubao wa mkaratusi kutoka kwa wapasuaji wa barabara ya Lubero. Miti yenyewe iko kila kilima, alisema, kwa nini twende mbali? Akauegemeza karibu na moto ili auone ukikauka. Kufikia Jumapili ubao ulikuwa umejikunja mpaka paka akapita chini yake bila kuinama. Mama akaja kuuangalia.

"Umwambie bwana yako," akaniambia, na bwana yangu yuko pale pale na kikombe chake cha chai, "ile mbao iko natafuta njia ya kurudia mu pori."

"Umwambie Mama," akajibu mume wangu akitazama dirisha kwa adabu, "nimeisha kuona."

Sikumwambia yeyote chochote. Mkalimani naye ana haki ya kunywa chai.

Ikabaki Beni. Mume wangu anafanya kazi huko kwenye ofisi moja ya serikali. Hushuka Jumatatu na kupanda Ijumaa. Beni kuna joto, na mbao za msitu mkubwa zinapita hapo. Nikamwambia mama twende tukaone. Nilitegemea atakataa. Alikuwa amevaa viatu kabla sijamaliza sentensi.

Kwenye barriere, kizuizi cha barabarani, askari mmoja kijana akainama dirishani, akauliza kwa Lingala tunakwenda wapi: "Mama, ozokende wapi?"

"Kutafuta fasi ya kukanyaga," mama akamjibu kwa Kiswahili, na askari akacheka akatupungia mkono tupite.

Kama hujawahi kuingia kwenye depo ya mbao Beni, nenda hata kama huna haja ya mbao. Harufu peke yake inakulipa nauli. Mume wangu alitungoja pale, na alikuwa ameanza kuwa mtaalamu: anagonga kila ubao kwa kidole na kutega sikio kama daktari. Mwenye depo akatuonyesha muvula, mzito, wa rangi ya manjano, akaapa kwamba mchwa akiuona anabadilisha njia. Akatuonyesha na libuyu, mwekundu uliokolea, na mume wangu akaacha kugonga, kwa heshima. Mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka mtu yeyote achague ubao wowote.

Mama akazunguka mirundo yote. Mwisho akasimama mbele ya libuyu na kufungua pindo la kitenge alichojifunga. Pale wenzake wanapofunga pesa, yeye alikuwa na maharage machache aliyoyafunga tangu Luofu, sijui kwa nini, labda ya kushika tu mkononi. Akachukua moja, jekundu, akaliweka juu ya ubao. Tukainama wote watatu. Kwa kweli rangi ilikuwa ile ile. Ungepepesa macho ungelipoteza.

"Hii," mama akasema.

"Mama, kwa nini hii?"

"Iko sawa maharage ya Luofu."

Mume wangu akauliza hewani kama mbao zimekauka. Mwenye depo akasema zimekauka sawa biskuti. Mume wangu akagonga kwa kidole, akasema zimekauka. Mama akaupiga ubao kofi, akasema zimekauka. Mimi nikaweka kiganja, nikahisi ubaridi, nikasema zimekauka, kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma na harufu ya samaki wa kukaanga ilitoka ng'ambo ya barabara. Ndivyo familia nzima ilivyonunua mbao mbichi kwa kauli moja.

Ilikuwa msimu wa kakao na malori yote yalikuwa na kazi. Mbao zetu zilipanda Butembo juu ya magunia ya kakao, zikanyeshewa njia nzima, na zilipofika zilinukia kama chokoleti iliyolowa. Fundi wetu, mtu wa Mutwanga mwenye maneno machache, alinusa, akatikisa kichwa, akasema tuziache zipumzike mpaka kiangazi. Mume wangu akamwambia hapana, konje yake, likizo ya kazini, inakwisha.

"Mbao haijue konje, patron," fundi akasema.

Lakini mume wangu alikuwa amekwisha kuvua shati. Wiki hiyo nyumba ikajaa takataka za randa mpaka kwenye sufuria. Zile mbao chache za zamani ambazo hazikuwa zimeoza tuliziacha chumbani kwa mama. Kwingine kote fundi aliweka libuyu, ubao kwa ubao, zikabanana kama meno ya kijana. Siku ya kuondoka akasimama mlangoni, begi begani.

"Mimi nimesema. Na musimwange maji. Mbao haiogake."

Tulipaka nta, tukasugua kwa vitambaa vya chupi za zamani na magoti yetu wenyewe. Sina budi kukiri kwamba mimi wa upande wa karo nilizunguka sebuleni peku, mchana kutwa, nikijifanya natafuta kitu. Shirika likarudi kusali. Rais akaijaribu sakafu kwa kisigino kabla ya kukaa, akakaa, akasali mafumbo yote akiwa wima.

Nikamwuliza mama anaionaje.

"Iko muzuri," akasema, "sakafu yenu."

Furushi likabaki kwenye msumari. Nilienda jikoni nikakata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili machozi yapate sababu.

Kisha kiangazi kikaja, na kila jioni mume wangu akiwa nyumbani anawasha moto. Mbao zikaanza kukauka kama vile fundi alivyosema zitakauka, yaani kwa wakati wao. Mara ya kwanza niliona mstari mweusi kati ya mbao mbili. Baadaye mstari ukaingia sindano. Baada ya sindano ikaingia sarafu, na baada ya sarafu ikaingia kalamu ya mume wangu ya kusainia, ile aliyoipenda. Mwanya kwenye meno ya mwanamke ni urembo, lakini sakafu yetu ilizidisha. Ukikaa sebuleni ulihisi upepo ukipanda miguuni kutoka chini ya nyumba, na mama akaanza kuketi na soksi za mume wangu ambazo nilimwambia ni zangu.

Mume wangu aliona aibu. Alinunua kopo kubwa la gundi, akakusanya unga wa mbao kwenye gunia, akasema ataziba mianya yote mwenyewe. Aliahidi hivyo kila Ijumaa, na kila Ijumaa alifika amechoka.

Ilikuwa katikati ya mianya hiyo ndipo jirani yetu wa Luofu alipopita kutusalimia. Akasema watu wameanza kurudi mashambani, wengine tayari wamelima, na yeye anaondoka wiki ijayo. Jirani alipoondoka, mama alikwenda chumbani, akarudi na furushi mikononi. Alikaa sebuleni pale jua linapoingia dirishani, akanyoosha miguu, akafungua fundo ambalo hakuwa amelifungua tangu afike, na kumwaga maharage juu ya ungo ili achambue yaliyotobolewa na wadudu. Alikuwa anajitayarisha kupanda. Si hapa, kule.

"Panda hapa basi, Mama," nikamwambia. "Nyuma ya jiko kuna nafasi."

"Hii maharage hapana kubali udongo ya muji," akajibu bila kuinua macho. "Inajua kwao."

Nilikaa mlangoni nikimtazama. Na ndipo, kwa kuwa barabara ya Beni siku hiyo ilikuwa nzuri kuliko kawaida, mume wangu akafika Alhamisi badala ya Ijumaa, akafungua mlango wa mbele bila kupiga hodi, akaingia sebuleni na kumkuta mama mkwe wake amekaa chini, miguu imenyooka, magoti wazi, na soksi zake miguuni.

Sijui kama kuna mama wa kwetu ambaye angefanya tofauti. Aliruka. Mama mwenye umri ule, anayeshikwa mkono kupanda ngazi, aliruka kama sungura, huku akivuta kitenge kufunika magoti, na kwa kuruka akaupiga ungo teke. Maharage yakatawanyika sebule nzima. Yalikimbia juu ya libuyu rangi ile ile, hatukuweza kuyaona, tuliyasikia tu yakidondoka mwanyani, tak, tak, tak, mpaka chini kabisa.

"Nyamuhanga!" mama akamwita Mungu kwa lugha yetu, kutoka nyuma ya mlango wa jiko ambako alikuwa amefika tayari.

Mume wangu alitupa begi, akapiga magoti na suruali yake ya ofisi, akaanza kuokota. Mama akachungulia, akaona mbegu zinavyokanyagwa, akarudi. Akapiga magoti upande wa pili wa sebule. Mkwe anatazama ukuta wa mashariki, mama mkwe anatazama ukuta wa magharibi, na wote wawili wanapapasa sakafu kama vipofu. Nilitaka kucheka na kulia, nikaogopa kuanza na lolote. Yaliyookotwa hayakujaza hata bakuli.

Jirani wa Luofu aliondoka bila yeye. Nilimwambia soko limejaa mbegu, akanijibu maharage ya soko hayana ukoo. Hakuwa na mbegu ya kutosha kurudi nayo, na kurudi shambani mikono mitupu aliona haya. Alikasirika siku nyingi. Kila asubuhi alisimama sebuleni akiitazama ile mianya, na siku za Jumamosi, mume wangu akienda mjini, hasira zake alizimalizia kwenye usafi. Alivua viatu, akajaza ndoo, na kumwaga maji sebuleni, kama mwanamke yeyote wa kwetu anavyoosha nyumba yake ya saruji, akisukuma kwa ufagio mpaka mlangoni. Ila hayakuwa yakifika mlangoni. Yaliingia mwanyani.

"Mama, fundi alisema mbao haiogake!"

"Fundi iko Mutwanga," akajibu, akachukua ndoo nyingine.

Nilimwacha. Kati ya sakafu na mama, ningeitoa sakafu mara kumi. Na hayo yakaendelea Jumamosi kadhaa, nami nikimficha mume wangu ndoo.

Siku moja nikapita nyuma ya nyumba kuanika nguo, nikaona kitu cha kijani kwenye tundu la hewa la msingi. Nikadhani ni majani mwitu. Nikainama. Kutoka gizani chini ya nyumba, shina jembamba na jeupe kama uzi wa mshumaa lilikuwa limetambaa mpaka kwenye vyuma vya tundu, na pale lilipoligusa jua lilikuwa limefungua majani mawili. Kwenye tundu la pili kulikuwa na mengine matatu, yamebanana kama watu wanaochungulia harusi. Niliita mama. Sikumbuki nilisema nini, nilipiga kelele tu.

Mama akaja na mwiko wa ugali mkononi. Akachuchumaa. Akaligusa jani kwa ncha ya kidole, akaligeuza, akalinusa. Alikaa pale mpaka ugali ukaungua ndani.

"Imekubali," akasema taratibu, akiwa kama mtu aliyesalitiwa na mtoto wake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa Ijumaa, na jioni mume wangu akafika na nguvu mpya. Alivua koti, akafungua mfuko wa zana, akashika kopo la gundi. Leo, akaniambia, leo naziba. Mama alikuwa chumba cha pili. Nilimsikia akisimama.

"Umwambie bwana yako aache!"

"Umwambie Mama ni aibu, nyumba nzima inaingia baridi."

"Umwambie kuko mbegu yangu kule chini!"

Nikawaambia wote wawili nimechoka. Nikamshika mume wangu mkono nikampeleka nyuma, nikamwonyesha yale majani. Kisha huyu mtu wa serikali, mwenye muhuri na kalamu yake ya pili, akakunja suruali, akafungua kile kimlango kidogo nyuma ya jiko, na kuingia chini ya nyumba kwa tumbo, tochi ya simu mdomoni.

Mimi nikarudi sebuleni. Mama alikuwa amelala kifudifudi juu ya libuyu, jicho moja kwenye mwanya.

"Mukwe," akasema.

Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kumwita.

"Ndiyo, Mama," sauti ikajibu kutoka chini ya sakafu.

"Kushoto. Pale, karibu ya jiwe. Hapana vuta ku shingo, utaivunja. Chimba na vidole, itoke na udongo yake."

"Hivi, Mama?"

"Ndjo vile. Polepole. Haya, ingine iko mbele, uangalie goti yako."

Ndivyo walivyokwenda, ubao kwa ubao, yeye akitambaa juu na mume wangu akitambaa chini, kutoka dirishani mpaka mahali pa moto. Niliketi kwenye kiti cha rais wa shirika. Hakuna aliyenihitaji. Nikang'amua kwamba mama hajavunja heshima hata kidogo: hamtazami mkwe, mkwe hamtazami, kati yao kuna libuyu nzima. Ila libuyu yenye mianya haizuii sauti.

Walipofika katikati ya sebule mama akaacha kutambaa. Halafu akauliza, shavu bado liko kwenye ubao:

"Mama yako kule Kisangani, iko muzima?"

Sauti ikapanda kutoka chini:

"Iko muzima, Mama. Miguu tu ndjo inamuuma."

"Akuwe nakandwa na mafuta ya mawese ya moto. Umwambie ni mimi nimesema."

"Nitamwambia, Mama."

"Na weye, umekula?"

"Bado, Mama."

"Basi maliza, utoke. Wasingya." Ndivyo tunavyoshukuru kwa Kinande, na mume wangu, ambaye Kinande chake ni kidogo sana, neno hilo analijua. Nilisikia akipiga kichwa kwenye boriti.

Yalipandwa nyuma ya jiko asubuhi iliyofuata. Mama alilima mwenyewe, akatuamuru miti ya kuegemeza, akatukataza kukanyaga. Yamepanda juu, yametoa maua, na mengine yameanza kufunga. Kopo la gundi bado halijafunguliwa. Mume wangu kila Jumamosi hushuka chini ya nyumba "kuangalia boriti," na mama kila Jumamosi hupata sababu ya kufagia sebule kwa muda mrefu. Wanazungumza habari za mvua, za bei ya kakao, za magonjwa ya watu wa Kisangani. Mimi huwa nakaa jikoni, mkalimani aliyefukuzwa kazi, nikisikiliza kicheko kinachotoka sakafuni.

Sijamwuliza kama atabaki. Hajaniambia. Najua tu kwamba wiki ile ile ya kupanda alilifua furushi tupu, akalianika kwenye kamba pamoja na nguo zetu, na lilipokauka alilipiga pasi. Jumapili nilipotoka chumbani nilimkuta yuko mlangoni tayari, kitenge cha buluu chenye maua ya njano kimefungwa kichwani, akitufokea kwamba tutachelewa misa.